Umbali wa Mwanza na Bukoba

Walimu wenzangu wa zamani wataikumbuka ile pembetatu tuliyokuwa tukiichora ubaoni. Juu tuliandika herufi U, yaani umbali. Chini kushoto K, yaani kasi. Chini kulia M, yaani muda. Mwanafunzi aliambiwa afunike kwa kidole kile anachokitafuta, na herufi mbili zilizobaki zingemwambia kama agawanye au azidishe. Nimeifundisha pembetatu hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza nikiwa mwalimu kijana niliyetoka Chuo cha Ualimu Butimba, kisha nikiwa mkuu wa shule. Niliiamini kama ninavyoamini kwamba jua huchomoza mashariki.

Mjukuu wangu mmoja alipokuwa akija kunisalimia Bukoba, alinipigia simu kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza. "Babu, shikamoo. Ndiyo tunapanda sasa hivi. Dakika arobaini na tano tu nitakuwa nimefika." Nikaitikia marahaba, nikaweka simu mezani, nikatazama saa ya ukutani. Kwa mtoto yule, dakika arobaini na tano ndizo umbali wote uliopo kati ya Mwanza na Bukoba. Kwangu mimi umbali huo una mambo mengi ndani yake, na moja katika hayo ni la kwangu mwenyewe, nimelibeba tangu Mei 1996. Nimeona niyaandike kwa mfululizo wake kabla kumbukumbu hazijaanza kunitoroka.

Tuanze na hesabu yenyewe. Ramani inatuambia kwamba uwanja wa ndege wa Mwanza uko digrii 2 na dakika 27 kusini mwa ikweta, na digrii 32 na dakika 56 mashariki. Uwanja wa Bukoba uko digrii 1 na dakika 20 kusini, na digrii 31 na dakika 49 mashariki. Ukitoa, utaona jambo la kupendeza: tofauti ni digrii 1 na dakika 7 kuelekea kaskazini, na tena digrii 1 na dakika 7 kuelekea magharibi. Kwa kuwa huku kwetu tuko karibu sana na ikweta, digrii moja ni takriban kilomita 111 upande wowote uupimao. Basi kutoka Mwanza unakwenda kilomita 124 kaskazini na kilomita 124 magharibi. Huo ni mraba, msomaji. Mwanza iko kona moja, Bukoba kona ya pili, na ndege hupita katikati kutoka kona hadi kona. Ulalo wa mraba huo ni kilomita 175.

Ndege za pangaboi aina ya ATR, ambazo tumezizoea katika viwanja vya mikoani, huweza kuruka kwa kasi ya kilomita 500 kwa saa. Gawanya 175 kwa 500, utapata dakika 21. Ratiba hata hivyo huandika zaidi ya hapo, na si kosa. Muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoanza kutembea ardhini hadi inaposimama tena. Humo mna kuelekea mwanzo wa njia ya kurukia, kupanda angani taratibu, kupunguza mwendo, kushuka, na kuzunguka ili kuulenga uwanja. Safari fupi kama hii, ndege haijamaliza kupanda mara inaanza kushuka. Kwa meli ni usiku mzima. Kwa barabara, kwa sababu huna budi kulizunguka ziwa kwa upande wa kusini kupitia Geita, Biharamulo na Muleba, ni zaidi ya kilomita 400.

Hesabu hii ya mraba sikuibuni mimi. Nilifundishwa na kijana aliyekuwa chini yangu kikazi, nikiwa nimeketi nyuma ya darasa lake. Nitamfikia.

Babu yangu mzaa baba alizaliwa kabla Wajerumani hawajalishika vizuri eneo letu, na hakujua kilomita. Ziwa aliliita Lweru, kama sisi Wahaya tulivyoliita sikuzote, na mwenye ziwa alikuwa Mugasha, mwenye upepo na dhoruba. Safari ya kwenda upande wa Wasukuma aliihesabu kwa visiwa: Bumbire, Ikuza, Maisome, Kome. Aliposimulia jinsi wazee wake walivyokwenda kwa mtumbwi, hakusema ilichukua siku ngapi. Alisema, "Walikwenda mpaka ziwa likawaruhusu." Nilipokuwa mwanafunzi niliona hayo ni maneno ya mtu asiyesoma. Siku hizi nadhani ilikuwa ratiba ya kweli kuliko nyingi nilizowahi kuzisoma zikiwa zimebandikwa ukutani.

Hata wageni walioleta vipimo hawakuona mambo kuwa mepesi. John Hanning Speke alilitazama ziwa kutoka kilima cha Mwanza Agosti 1858, lakini upana wake hakuweza kuupima. Alirudi kwao akibishana na wenzake waliomwona anakisia tu. Henry Morton Stanley ndiye aliyelizunguka kwa mashua, akianzia pwani ya Usukuma Machi 1875 na kurudi Mei mwaka huo huo. Katika safari hiyo alipambana na watu wa Bumbire, na miezi michache baadaye alirudi kulipiza kisasi kwa bunduki, akaua watu wengi. Kwa hiyo hata kipimo cha kwanza cha ziwa letu kilichoandikwa vitabuni kiligharimu damu, na walioilipa hawakuwa wapimaji.

Bukoba kama mji ilianzishwa na Emin Pasha Novemba 1890, alipoweka kituo cha Wajerumani pale ufukweni. Mwanza nayo ilipata boma lake muda mfupi baadaye. Reli ya Waingereza ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za moshi zilianza kulizunguka ziwa, na kilichokuwa safari ya kuomba ruhusa kwa Mugasha kikaanza kuwa safari ya kukata tiketi. Kahawa yetu ikasafiri, ngozi zikasafiri, na vijana wakasafiri kutafuta kazi na shule.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijenga vituo vya simu ya upepo, kimoja Mwanza na kimoja Bukoba. Nilipokuwa nikifundisha historia nilipenda kuwasimamisha wanafunzi hapa. Niliwaambia: tazameni, watu bado wanavuka kwa siku, lakini neno tayari linavuka papo hapo. Kilomita zile 175 zilikuwa zimefutwa kwa sauti kabla hazijafutwa kwa mwili. Juni 1915 Waingereza walipakia askari katika meli za Kisumu, wakaishambulia Bukoba, na lengo lao kubwa lilikuwa mnara huo wa simu. Waliubomoa, mji ukaporwa, wakarudi walikotoka. Ajabu ni kwamba mji wetu ulishambuliwa kwa sababu ulikuwa karibu mno na miji mingine, si kwa sababu ulikuwa mbali.

Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Na Februari 1931, jambo ambalo vijana wengi wa Mwanza hawalijui, kampuni ya Imperial Airways ilifungua njia ya ndege ya kila wiki kutoka London, na mwisho wa njia hiyo ulikuwa Mwanza. Hapo ndipo ndege ilipogeuza, kabla njia haijarefushwa mwaka uliofuata hadi Cape Town. Sehemu ya juu ya Nile na ziwa ilipitiwa na ndege zinazotua majini, kwa kuwa maji ya ziwa yalikuwa uwanja ambao haukuhitaji kujengwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili likaundwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, mwaka 1946, na neno "Dakota" likaingia katika mazungumzo ya wazee wetu hata wale ambao hawakuwahi kuipanda. Mtu akitembea haraka barabarani aliulizwa kama anaifuata Dakota.

Sisi wengine tulikuwa watu wa meli. MV Victoria ilianza kazi mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi. Miaka tisa baadaye niliipanda kwenda Butimba kuanza ualimu. Mama alinifungia ndizi za kuchoma na kahawa ya kutafuna, akanisindikiza mpaka gatini. Tuliondoka jioni. Daraja la tatu lilijaa watu, mikungu ya ndizi na kuku. Nililala nimekalia sanduku langu la bati, miguu ikiwa juu ya mzigo wa mtu nisiyemjua, na kulipopambazuka niliyaona mawe ya Mwanza yamesimama majini kama watu waliokuja kunipokea. Usiku mmoja tu, lakini nilijiona nimefika nchi nyingine. Nilikaa miezi bila kwenda nyumbani, na barua ya mama iliyoandikwa na jirani ilichukua muda mrefu kuliko meli.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Shirika la ndege lilikufa pamoja nayo, Tanzania ikaanzisha la kwake mwaka huo huo, na meli za ziwani zikagawanywa. Kabla hatujatulia ikaja vita. Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilishambulia Bukoba. Wakati huo nilikuwa nafundisha huko. Tulichimba mahandaki nyuma ya madarasa, na watoto walijifunza kutofautisha mlio wa ndege moja na mwingine haraka kuliko walivyojifunza majedwali ya kuzidisha. Machi 1979 ndege kubwa ya kivita ya Libya, iliyotumwa kumwokoa Amin, ilikusudia kuipiga Mwanza, mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Kwa ndege kama ile, Mwanza na Bukoba zilikuwa zimetenganishwa na dakika chache tu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kasi haina upande: humleta mgeni kama inavyomleta adui.

Mara ya kwanza kupanda ndege ilikuwa mwaka 1984, nilipotumwa Mwanza kwa mkutano wa elimu, nauli ikalipwa na serikali. Uwanja wa Bukoba wakati huo ulikuwa wa changarawe, na ndege ilikuwa ndogo, ya injini mbili. Nilikaa dirishani upande wa kulia. Vile visiwa vya babu nikaviona vimelala majini kwa mpangilio ule ule, Bumbire, Ikuza, Maisome, Kome, nikavipita vyote kwa muda wa kunywa soda moja. Niliona fahari, sitaki kuficha. Lakini pia nilijisikia kama mtu aliyepita nyumbani kwa jamaa zake bila kubisha hodi.

Sasa nifike kwa yule kijana.

Mwaka 1990 nilihamishiwa Mwanza kuwa mkuu wa shule moja ya sekondari. Miaka miwili baadaye niliongezewa mwalimu wa hisabati, kijana mwembamba kutoka mkoani kwetu Kagera, mpole, mwenye mwandiko mzuri wa ubaoni. Siku moja niliingia darasani kwake na daftari langu la ukaguzi, nikaketi dawati la nyuma. Somo lilikuwa kanuni ya Pythagoras. Kitabu kilikuwa na mfano wa ngazi iliyoegemezwa ukutani. Yeye hakuutumia. Alichora kona moja akaandika Mwanza, kona ya pili akaandika Bukoba, akawaita wanafunzi wasome digrii na dakika kutoka katika atlasi ya shule. Mraba ule ulipojitokeza darasa zima liliguna. Nami niliguna, nilikuwa nimevuka ulalo huo maisha yangu yote bila kujua kwamba ni ulalo.

Akawauliza, "Ndege inaruka kilomita 350 kwa saa. Itafika baada ya muda gani?" Wengi wakapaza sauti: nusu saa. Mvulana mmoja akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, inategemea kama una nauli." Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka wala hakukasirika. Alimwambia, "Jibu lako ni sahihi pia, ila mtihani hautakupa alama." Niliandika katika daftari langu kwamba somo lilikuwa zuri lakini mwalimu aepuke mizaha. Ndivyo nilivyokuwa.

Mei 1996 baba yake alifariki kijijini. Alikuja ofisini asubuhi, akasimama, akanipa habari, nami nikampa pole. Akaomba siku kumi na nne. Kidato cha nne walikuwa wanajiandaa kwa mitihani ya majaribio na sikuwa na mwalimu mwingine wa hisabati. Nilichukua penseli nikahesabu mbele yake: usiku mmoja kwenda, usiku mmoja kurudi, siku zinazobaki ni za msiba. Nikampa siku saba. Akasema kwa heshima, "Mwalimu, siku saba zinaweza kutosha, ila meli hazitabiriki." Nikamjibu kwa maneno ambayo kila mwalimu aliyefanya kazi chini ya mkuu wa shule anayafahamu: "Ukichelewa utaandika maelezo." Nikaandika barua ya ruhusa, nikabainisha kwamba anatakiwa kuripoti kazini Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, saa 2:00 asubuhi. Nikatia sahihi na mhuri.

Meli ya MV Bukoba iliondoka Bukoba jioni ya Jumatatu tarehe 20, ikapitia Kemondo kuchukua abiria na mizigo zaidi. Asubuhi ya Jumanne, Mwanza ikiwa imekaribia, ilipinduka, kisha ikazama. Ilikuwa na nafasi ya abiria 430. Waliokuwamo walikuwa wengi zaidi ya hapo, na wengi wa daraja la tatu majina yao hayakuandikwa popote. Waliokufa walitajwa kuwa zaidi ya 800. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, na wengi walizikwa Igoma, nje ya mji.

Saa 2:00 asubuhi ile nilikuwa ofisini. Nilitazama daftari la mahudhurio, nikaona nafasi yake iko wazi, nikaweka alama nyekundu. Hilo nililifanya kwa mkono wangu. Habari zilifika shuleni baadaye, kwanza kama uvumi, kisha kama kilio kutoka nyumba za jirani. Tulikwenda ufukweni, tukaenda hospitali, tukasoma majina yaliyobandikwa. Alikuwa daraja la tatu. Mwili wake hatukuupata. Abiria mmoja aliyeokoka alituambia kwamba alimwona gatini Kemondo, na kwamba baadhi ya watu, walipoona jinsi meli ilivyojaa, walishuka wakasema watangoja nyingine. Yule kijana hakushuka. Alimwambia mwenzake kwamba anatakiwa kazini asubuhi.

Sisemi kwamba niliizamisha meli. Kulikuwa na uchunguzi na kesi, na makosa ya chombo na ya waliokipakia yalijadiliwa na wenye ujuzi kunizidi. Lakini mtu mzima lazima ajue sehemu yake. Mimi nilimpa mwenzangu muda uliotokana na pembetatu ya ubaoni. Nilifunika M kwa kidole, nikagawanya, nikaliandika jibu kwenye barua ya serikali kana kwamba ziwa lilikuwa limetia sahihi pamoja nami. Babu yangu asiyesoma asingefanya kosa hilo.

Tangu siku hiyo hadi nilipostaafu mwaka 2011, sikuandika tena saa ya kurudi katika barua ya ruhusa ya mtu anayevuka ziwa. Niliandika idadi ya siku, kisha nikaongeza: "na siku za njiani kadiri usafiri utakavyopatikana." Ofisi moja ya juu iliniandikia kwamba maneno hayo hayamo katika utaratibu na yanaweza kutumiwa vibaya. Nilijibu kwa adabu, nikaendelea kuyaandika. Nikiri kwamba wapo walioyatumia vibaya. Mmoja alikaa Bukoba wiki tatu akijenga nyumba. Niliona hiyo ni gharama ninayoweza kuibeba.

Baada ya 1996 watu wengi waliiogopa meli, na mwenye uwezo akawa mtu wa ndege. Uwanja wa Bukoba uliwekwa lami, njia yake ya kurukia ikawa takriban kilomita moja na nusu, chini ya nusu ya ile ya Mwanza, ndege kubwa kidogo zikaanza kutua. Ncha moja ya uwanja huo inatazama ziwa kwa karibu sana. Tulianza kusema, nami nilisema, kwamba sasa tumelishinda ziwa.

Jumapili tarehe 6 Novemba 2022 nilikuwa nyumbani Bukoba. Kulikuwa na mvua na mawingu yameshuka chini. Ndege ya abiria aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani ikikaribia kutua. Nilifika ufukweni na fimbo yangu, nikakuta umati umekwisha jaa, mkia wa ndege ukionekana juu ya maji. Waliowahi kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 waliokoka, 19 walikufa. Nilisimama pale mvuani nikiwatazama vijana wanavyopiga makasia, na nilifikiri juu ya wale wazee wa babu. Katika miaka yote ile tulibadilisha chombo baada ya chombo, kila kimoja kikiwa na kasi kuliko cha kabla yake, na siku chombo cha kasi zaidi kilipokwama, kilichokwenda kukiokoa ni kile cha kwanza kabisa.

Mambo yamesonga mbele, na ni haki kuyataja. MV Victoria ilikarabatiwa upya ikarudi majini mwaka 2020. Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, juu ya Ghuba ya Mwanza, mahali ambapo zamani tuliweza kungoja kivuko kwa saa kadhaa. Nimelivuka mara moja kwa basi. Lilituchukua dakika chache, abiria wakapiga makofi, nami nikapiga. Sina ugomvi na mwendo wa haraka. Mgonjwa anayewahishwa Bugando hahitaji falsafa ya mzee, anahitaji ndege iruke na barabara iwe nzuri.

Ninachokisema ni kidogo tu. Umbali ni wa ardhi, haubadiliki. Mraba wa kijana wangu utabaki na ulalo wa kilomita 175 hata sisi sote tukiondoka. Kasi ni ya chombo, na chombo hutengenezwa na mafundi. Lakini muda, ile herufi ya kulia kwenye pembetatu, mara nyingi hutolewa na mtu kumpa mtu mwingine: mwajiri humpa mfanyakazi, mzazi humpa mtoto, mkuu wa shule humpa mwalimu. Anayeutoa kwa ubahili humsukuma mwenzake kupanda chombo ambacho yeye mwenyewe asingekipanda. Haraka haraka haina baraka, tuliwafundisha watoto methali hiyo, kisha tukawadai waripoti saa mbili kamili.

Mjukuu wangu siku ile alifika. Ilichukua saa moja na dakika ishirini tangu aliponipigia, kwa sababu ndege ilichelewa kuondoka kungoja mawingu ya Bukoba yapungue. Aliingia uani akilalamika kuhusu kucheleweshwa. Nilimkaribisha, nikamwambia anawe mikono ale. Baada ya chakula nilitoa karatasi na penseli, nikamchorea ule mraba, nikamweleza ni nani aliyenionyesha na ilikuwaje. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Babu, kwa hiyo mngoje mtu kwa muda gani?"

Nikamwambia: mpaka afike.